Midomo ya Bi Mnong'ono

Taya la Bi Mnong'ono lilianza kuuma asubuhi, kabla hata hajasema na mtu, na hiyo haikuwa dalili njema. Siku za kawaida lilimngoja angalau mpaka pazia lifungwe. Likishaanza, mkate hautafuniki ila kwa kuuloweka kwenye chai, tena upande wa kulia tu, kama mtoto anayeota meno. Alikaa ukingoni mwa kitanda akajikanda shavu kwa kitambaa cha maji ya moto, akajiambia maneno aliyojiambia kila mwaka: mchezo huu tu, basi.

Mtu asiyejua angecheka. Vipi mtu aumwe taya kwa kazi ya kunong'ona? Jumba lenyewe la maonyesho halikuwa kubwa. Lilikuwa na viti mia tatu na kitu, vingine vimetoka sponji, pazia jekundu lililofifia mpaka likawa rangi ya matofali, na nyuma ya jukwaa vyumba vinne vyenye harufu ya poda, rangi ya mbao na soksi za watu wazima. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti kando ya jukwaa, mahali ambapo watazamaji hawamwoni, mswada mapajani. Mwigizaji akisahau neno, yeye anamnong'oneza. Waigizaji wazuri husahau mara mbili tatu katika onyesho zima. Muda uliobaki mnong'onezaji anaweza kufuma, akala karanga, hata akasinzia kidogo bila kumkosea mtu.

Bi Mnong'ono hakuwahi kula karanga hata moja pale. Miaka kumi na miwili alikuwa anausema mchezo mzima, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, bila sauti, kwa midomo mipana, maneno ya kila mtu. Wifi yake, mwigizaji mkuu wa jumba lile, alikuwa kiziwi, na, kwa hesabu yake, wa kulijua hilo walikuwa wao wawili tu.

Wifi mwenyewe walimwita Malkia. Ujanani aliwahi kuigiza malkia kwa misimu mitatu mfululizo, na taji lile, japo lilikuwa la karatasi ngumu, mwenyewe hajalivua mpaka leo. Alikuwa mrefu, shingo imenyooka, sauti yake inafika kiti cha mwisho bila kupaza. Kaka yake ndiye aliyekuwa seremala wa jumba, fundi wa milango isiyoelekea popote na ngazi zinazoishia hewani, na ndiye aliyemwoa Bi Mnong'ono. Akafariki ghafla, hata hajamaliza kupaka rangi mlango mmoja. Miezi miwili baada ya msiba Malkia alimwendea mjane jikoni kwake, akafunga mlango.

"Wifi, masikio yananiacha," alisema. "La kushoto limeshakufa. La kulia nasikia kama niko ndani ya pipa. Wakijua wataniondoa. Njoo ukae pale pembeni, niwe naona midomo yako. Usimwambie mtu."

Bi Mnong'ono alikuwa na macho yaliyovimba kwa kulia na hana mbele wala nyuma. Akakubali. Alidhani ni kwa msimu mmoja.

Msimu ukazaa msimu. Sikio la kulia nalo likaenda. Malkia akajifunza kusoma midomo ya watu mezani na barabarani, na pale salamu ilipompita, watu walisema ana maringo. Wao wawili wakayaacha maringo yafunike uziwi. Bi Mnong'ono naye akazoea. Mchezo mpya ukija, aliusoma mpaka akaujua kuliko aliyeuandika. Alikonda. Aliacha kuimba msibani na harusini ili asichoshe taya. Binti yake, aliyeolewa mji wa jirani, alimpigia simu kila wiki na wimbo ule ule: "Mama, chumba kipo, kitanda kipo, wajukuu wako wapo. Unangoja nini huko?" Mama angejibu nini? Siri haikuwa yake. Alisema kazi haijaisha, na binti akaona mama ana kichwa kigumu.

Basi ndivyo alivyokuwa asubuhi ile: amechoka mpaka kwenye mifupa, na hawezi kuacha, kwa kuwa siku atakayoacha ndiyo siku wifi yake ataumbuka mbele za watu. Na tuseme ukweli wote, maana hata yeye baadaye aliusema. Ndani ya uchovu ule kulikuwa na kajivuno. Watu walipompigia Malkia makofi, mjane kwenye kiti chake alijisemea moyoni kwamba, wangejua, nusu ya makofi yale ni yangu.

Mwaka ule jumba lilipata mwongozaji mpya. Mwanamume wa miaka thelathini na tano hivi, miwani yake inakaa kichwani zaidi ya inavyokaa machoni, mpole, mtu wa kuuliza uliza. Wiki ya pili ya mazoezi alimjia Bi Mnong'ono akisugua viganja.

"Mama, nilikuwa nafikiria. Mchezo huu tungeweza kwenda bila kiti."

"Kiti kinakula?"

"Hapana, mama."

"Kinalala kwako?"

"Hapana."

"Basi kiache kilipo."

Mwongozaji akamtazama Malkia. Malkia akatazama dari. Yule bwana akashusha mabega, akaenda zake, na Bi Mnong'ono akajipongeza kwa ulimi wake mkali. Usiku huo taya lilimkumbusha kwamba alichokipigania ni mateso yake mwenyewe.

Mchezo ulikuwa wa nyumba moja. Baba, mama, binti yao wa pekee, na jirani mbea. Sehemu ya kwanza wanaamka, wanakunywa chai, wanataniana. Sehemu ya pili binti anapata mchumba ambaye baba hamtaki. Sehemu ya tatu binti ametoroka kupitia dirishani, na mama anamgeukia mumewe. Mwandishi, katika werevu wake, alikuwa ameweka maneno yale yale mahali pawili. Ukurasa wa sita, mama anaingia sebuleni asubuhi, anasema: "Nani kafungua dirisha hili?" Mume anajibu kwamba ni yeye, alitaka upepo, wanacheka. Ukurasa wa sitini na mbili mama anaingia tena, anasema vile vile, "Nani kafungua dirisha hili?", na hapo hakuna wa kucheka. Mwandishi aliona huo ni ufundi. Mnong'onezaji alipousoma mara ya kwanza aliona ni shimo katikati ya njia, akachora mistari miwili ya kalamu nyekundu kwenye kurasa zote mbili.

Saa tisa alasiri ukumbi ulikuwa umejaa zaidi ya nusu. Fundi wa taa aliwasha ile taa ndogo iliyomwangaza Bi Mnong'ono usoni, kama alivyofanya miaka yote. Malkia alipita na kanga ya mchezo mabegani, akamgusa bega. Karibu naye, upande huo huo wa jukwaa, mwigizaji wa binti alisimama na sinia la chai ya uongo, akingoja zamu yake ya kuingia. Pazia likafunguliwa.

Mume wa mchezo aliigizwa na mzee mmoja waliyemwita Baba Mapacha, ambaye nyumbani ana mapacha mara mbili, na siku ile alikuwa na mafua ya kutisha. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha sebuleni, macho yamelowa. Malkia akaingia, akasimama mbele ya dirisha ambalo marehemu seremala ndiye aliyelichonga, akalitazama.

"Nani kafungua dirisha hili?"

Baba Mapacha alifungua kinywa kujibu. Badala ya jibu ikaja chafya, na baada ya chafya, nyingine. Ukumbi ukacheka. Malkia, ambaye hakusikia chafya wala kicheko, aliona tu mtu ameinama na jibu halijaja. Jicho lake likakimbilia kwenye kiti kama kawaida.

Bi Mnong'ono alikuwa hajalala vizuri siku nne. Mswada ulikuwa mapajani, lakini hakuuangalia. Siku hizo hakuwa anauangalia tena, midomo ilikuwa inakwenda yenyewe, kama miguu inavyojua njia ya nyumbani. Na midomo ikakata kona. Bila sauti, wazi kabisa, neno moja moja, ikasema: "Usiniambie ni upepo. Mtoto wangu yuko wapi?"

Ukurasa wa sitini na mbili.

Alijua kosa lake kabla hajafumba kinywa. Akatikisa kichwa, akainua mkono. Malkia alikuwa ameshageuka.

"Usiniambie ni upepo!" alilia, kwa sauti iliyofanya mtu wa mstari wa mbele aangushe kitu. "Mtoto wangu yuko wapi?"

"Niko hapa," yule mwigizaji wa binti akasema kwa sauti ya chini, sinia mkononi, peke yake.

Baba Mapacha akatoa macho. Mtu wa kawaida angesema, "Mke wangu, vipi tena?" Lakini watu wa jukwaa hawarudi nyuma. Walifundishwa hivyo tangu wakiwa wadogo katika kazi: mwenzako akiruka mto, nawe ruka, mtaulizana ng'ambo. Aliusimamisha mwili polepole, akafuta pua, na uso wake ukazeeka palepale.

"Ameondoka," alisema. "Ameondoka na mimi nilikuwa macho."

Basi mambo yakawa hayo. Kurasa hamsini na sita zimezama. Binti aliyetakiwa kupendwa na watazamaji kwa saa nzima ametoroka hata hawajamwona sura. Mchumba, aliyekuwa chumbani anabandika masharubu, hatakiwi tena. Jirani mbea akasukumwa jukwaani na mikono ya wenzake huku bado anafunga kilemba.

Bi Mnong'ono aliinamia mswada. Karatasi zilikuwa zinashikana, ukurasa wa arobaini, wa hamsini na tatu, tena arobaini. Jasho lilimdondokea kwenye maandishi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili midomo yake ilikuwa imefungwa na wifi yake yuko jukwaani. Amekwisha, aliwaza. Nimemuua mwenyewe. Alipoinua uso alitegemea kumwona Malkia amesimama kama nguzo, anaangalia huku na huku, na watu wakianza kunong'onezana.

Malkia alikuwa anaendelea.

Alikuwa anaendelea bila kukosea herufi, tena hakuangalia kwenye kiti hata kidogo. Bi Mnong'ono akaacha kufunua karatasi. Miaka yote ile macho yake yalikuwa kwa mtu mmoja tu, na sasa, kwa kuwa hakuwa na la kusema, akawaangalia wengine. Akaona Baba Mapacha, kila anapomaliza sentensi, anamgeuzia Malkia uso mzima na kugonga sakafu ya mbao kwa kisigino, mara moja, taratibu. Akaona jirani mbea anamshika Malkia kiwiko kabla ya kusema naye kutoka nyuma. Akaona taa za juu zinapanda kidogo kwa anayezungumza na kushuka akinyamaza, na fundi wa taa kule juu ameegemea mitambo yake kama mtu anayefanya kazi ya kila siku. Walikuwa wanafanya yote hayo bila kufikiri, kama watu wa nyumba moja wanavyopishana mlangoni.

Taya likaacha kuuma. Lilikufa ganzi.

Pazia lilifungwa dakika ya ishirini na nane. Watazamaji walipiga makofi ya watu wasioelewa kama ndiyo mwisho au la. Mwongozaji alitokea mbele ya pazia, miwani kichwani, akatangaza mapumziko kwa sauti ya mtu aliyepanga hivyo tangu zamani. Kisha akarudi nyuma akakuta kundi lake zima limeshikilia mbavu. Mchumba alikuwa na sharubu moja.

"Sikilizeni," alisema, naye anajizuia. "Waliyoyaona ndiyo mwisho. Sasa tunawaonyesha yalianzaje. Tunaanza mwanzo wa sehemu ya pili, tunakwenda mpaka dirishani, tunafunga. Watasema ni ubunifu. Mna dakika kumi na tano."

Hakuna aliyemlaumu Bi Mnong'ono, na hilo lilimuuma zaidi. Alimfuata Baba Mapacha mpaka kwenye ndoo ya maji.

"Umeanza lini kugonga mguu?"

Baba Mapacha alikunywa maji, akakiangalia kikombe.

"Shemeji, tuyaache hayo tumalize mchezo."

"Nimekuuliza lini."

"Zamani kidogo," alisema yule mzee. "Muulize mwenyewe wifi yako. Sisi tulikatazwa."

Malkia alikuwa chumba cha kubadilishia nguo, peke yake, anajipaka poda upya ili uso wa mama aliyefiwa na furaha uwe tena uso wa mama wa asubuhi. Bi Mnong'ono akafunga mlango, akasimama nyuma yake. Wakaonana kwenye kioo.

"Wanajua," alisema Bi Mnong'ono.

Malkia aliyasoma kwenye kioo. Sponji la poda likasimama shavuni. Angeweza kujifanya hakuelewa, ni mwigizaji, lakini hakujifanya.

"Wanajua," alisema.

"Nani?"

"Wote. Hata mkata tiketi."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili. Nilianguka ngazini kwa kutosikia watu wakinipigia kelele, wakaelewa. Nikadhani nimekwisha. Wakakaa, wakaongea, wakasema tutazoea. Wakazoea."

"Na huyu mpya?"

"Aliniuliza wiki ya kwanza. Mchezo wote kaupanga ili niwaone watu usoni. Ndiyo maana aliona kiti hakina kazi. Nikamwomba akiache."

Hasira ilimpanda Bi Mnong'ono kutoka miguuni. Aliukamata mkebe wa poda ulio mezani, asijue anautakia nini, akaushika tu kwa mikono miwili.

"Ukamwomba akiache," alisema. "Miaka kumi nakunywa uji kama mgonjwa. Wajukuu zangu wananijua kwa simu. Sijaimba harusi ya mtoto wa dada yangu, dada yangu mwenyewe, akaninunia mwaka mzima. Nakaa pale natafuna hewa, na kundi zima linaniangalia na kunihurumia. Mlikuwa mnanicheka?"

"Hakuna aliyekucheka."

"Basi kwa nini?"

Malkia akageuka kwenye kigoda, akamwangalia ana kwa ana.

"Kwa sababu kaka yangu alipokufa ulikuwa huli," alisema. "Huogi. Nilikuja siku tatu mfululizo nikakukuta na gauni lile lile. Nilipokuambia nakuhitaji, kesho yake ukaoga. Na nilikuhitaji kweli, wifi, mwaka ule wa kwanza nilikuhitaji kufa kupona. Halafu haja ikapungua. Nikasema nikimwambia sasa, atarudi ndani, atafunga mlango, na safari hii hatafungua. Kila mwaka nasema mwaka huu nitamwambia. Nikikuona unakuja na mswada umejaa mistari myekundu, nashindwa."

"Ulikuwa unaniangalia pale."

"Nilikuwa nakuangalia ili usijione huangaliwi. Unajua tabu yake? Shingo yangu imekaza miaka kumi. Namwambia mwanamume nampenda huku nimetazama pembeni. Gazeti liliandika kwamba nina haya ya kipekee."

Bi Mnong'ono hakutaka kucheka. Kicheko kilimtoka puani kikachanganyika na kilio, akaketi kwenye kikapu cha mavazi, mkebe wa poda bado mikononi. Kilichomuuma sasa hakikuwa taya wala miaka. Ni ile nusu ya makofi. Alikuwa ameihesabu kuwa yake, na kumbe alikuwa akikaa pale kama mgonjwa anayetembelewa.

"Mbona hukuniambia umechoka?" aliuliza Malkia.

"Ningekuambiaje? Ungeumbuka."

"Na mimi ningekuambiaje? Ungebaki na nani?"

 Walikuwa wanawake wawili wa umri mkubwa, mmoja ana poda nusu uso, na wote wawili wamechoka kiasi kwamba hata kuendelea kugombana waliona ni kazi. Kengele ya kuanza ililia koridoni. Malkia hakuisikia, lakini taa nyekundu juu ya mlango iliwaka na kuzima mara tatu. Bi Mnong'ono aliitazama taa ile. Iliwekwa lini? Aliwahi kudhani ni mapambo.

"Haya," alisema Malkia, akisimama. "Nenda kakae."

"Siendi."

Malkia alimwangalia midomo, kana kwamba alisoma vibaya.

"Kitini siendi," Bi Mnong'ono alirudia, polepole. Akauchukua mswada, akauweka mezani katikati ya mikebe. "Nimechoka, wifi. Nakwenda kukaa mbele na watu."

"Leo? Mchezo umegeuzwa juu chini, na unaniacha leo?"

Hofu ile ilikuwa ya kweli. Bi Mnong'ono aliijua, hakuna poda inayoificha. Saa moja iliyopita ingemrudisha kitini mbio. Sasa aliitazama kwa huruma, akaona kwamba hofu hiyo haihusiani na kusikia wala kutosikia. Ni mazoea tu, kama yake.

"Unao wenzako tisa huko nje," alisema. "Wamekubeba miaka kumi hawajakuangusha."

"Huna tiketi," alisema Malkia.

"Mkata tiketi ananijua. Si umesema anajua kila kitu?"

Alipita mlango wa pembeni akaingia ukumbini, akakaa mstari wa nane, kiti cha ukingoni. Hakuwahi kukaa pale tangu awe mjane. Kiti kilikuwa kimebonyea, na mtu wa jirani alimkaribisha kwa kuondoa mkoba. Taa zikafifia. Pazia likafunguliwa, na nyumba ile aliyoijua ubavu wake tu sasa ilikuwa mbele yake nzima, na meza, na sinia, na dirisha la mume wake.

Binti akaingia, akacheza sehemu yake, watu wakampenda. Kisha Malkia. Midomo ya Bi Mnong'ono ilikuwa inakwenda. Akaweka kiganja kinywani, akaibana. Jukwaani Malkia alimaliza sentensi ya kwanza, na jicho lake likaponyoka likaenda kando, kule kwenye kiti. Kiti kitupu. Ilikuwa kama kupepesa macho mara mbili, watazamaji hawakuona kitu, lakini Bi Mnong'ono aliuhesabu kila ukope. Kisigino cha Baba Mapacha kikagonga sakafu. Malkia akageuza shingo yote, akamtazama mumewe wa mchezo usoni, akamjibu.

Ile haya ya gazetini ikaisha yote. Alimtazama yule mzee mwenye mafua kwa namna ambayo mwanamke mmoja nyuma aliguna. Bi Mnong'ono aliona wivu, kidogo, wa kijinga. Alijiona kama mtu aliyeshika mlango kwa bega miaka mingi, akaondoka, na mlango haukuanguka. Aliwaza kwamba inabidi alie. Machozi hayakuja. Kilichokuja kilianzia kwenye taya, kikashuka shingoni, mabegani, magotini. Kiganja kikateleza kutoka kinywani kikalala mapajani.

Alipofumbua macho taa za ukumbi zilikuwa zimewaka na viti vilikuwa vitupu. Jua la jioni lilikuwa linaingia kwenye milango iliyoachwa wazi, na mfagizi alikuwa anakusanya karatasi za pipi mstari wa pili. Pembeni yake, kwenye kiti cha yule mtu wa mkoba, alikaa Malkia na mavazi yote, kitambaa cha kufutia poda mkononi, nusu ya uso safi.

"Nilikuwaje?" aliuliza Malkia.

Bi Mnong'ono aliugeuza uso wake aonekane vizuri.

"Sijui. Nililala."

"Ulilala?"

"Fofofo."

"Hata pale nilipolia?"

"Hata pale."

Malkia aliegemea kiti kilichobonyea, akatazama jukwaa tupu.  Kisha mabega yakaanza kutikisika, na mfagizi akainua kichwa kuona nani anacheka vile.

"Basi sikukosea," alisema. "Ningekosea ungeamka."

Bi Mnong'ono alitaka kubisha. Badala yake akafumba macho tena.